Mama Aliyeruka Mtaro

Ukumbi wa kuteleza ulikuwa umejaa vijana Jumamosi hiyo ya Pasaka, magurudumu yakinguruma sakafuni kama mashine ya posho. Nabalayo alikuwa amekuja na wenzake wa kwaya kutoka Kibera. Sketi yake ya manjano ilikuwa na marinda, na chini yake amevaa suruali ya kaka yake Khamala, maana mama yake alisema, "Ukianguka, uanguke kwa heshima."

Akaanguka. Mtu mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, akasimama mbele yake bila kuyumba.

"Pole, dada. Nipe mkono."

"Mkono nimpe mtu nisiyemjua?"

"Basi kaa hapo hapo ukanyagwe na unaowajua."

Akacheka, akampa.

Aliitwa Titus Shemdoe, fundi kutoka Tanga, aliyeletwa na kiwanda kimoja kufunga mashine za kusokota nyuzi. Jioni alicheza voliboli na timu ya kiwanda, Jumapili yuko kanisani. Jumamosi zake, tangu siku ile, zilikuwa za Nabalayo.

Ikafika Novemba, mwaka huo huo wa 1984. Mashine zote zimefungwa, na mwisho wa wiki, Jumapili, Titus apande basi arudi kwao. Jumatatu akapiga simu duka la Gerishon Ndungu, huko Gatina, Kawangware, ambako Nabalayo alikuwa muuzaji.

"Kipenzi, siwezi kuondoka kama mwizi. Kesho nakwenda kumsalimu mama."

"Kesho mimi niko kazini, Titus."

"Nitakwenda peke yangu. Akinikubali, Pasaka narudi na wazee wangu. Akinikataa, sitashindana na mjane wa watu."

Nabalayo alishika meza. "Na nyumba yetu ni ya udongo. Usicheke."

"Kwani naoa nyumba?"

Jumanne alasiri Titus akaingia Soweto West, huko Kibera, kwa koti la kijivu na tai, kwapani ana leso mpya ya kumpa mama. Akaonyeshwa mama yake Nabalayo, anatoka bombani, debe la maji kichwani.

"Shikamoo, mama! Mimi ndiye Titus wa Nabalayo." Akanyoosha mikono yote miwili.

Mama alimtazama mara moja tu. Debe likaanguka. Akajifunika uso, akaruka mtaro wa maji machafu, akapotelea nyuma ya nyumba ya jirani. Wanawake wa bombani wakacheka.

Titus alibaki na mikono yake hewani. Kwao Tanga, mama mkwe humpokea mkwewe kwa mikono miwili. Anayekimbiwa hivyo ni mchawi. Akaiweka ile leso juu ya debe, akaondoka, shingo imelegea.

Jioni Nabalayo akauliza, "Mama, alikuja?"

"Alikuja."

"Mlizungumza?"

"Wewe mtoto una wazimu!" Mama alichekea kwenye kitambaa chake, akaendelea kukanda mandazi.

Basi Nabalayo akalala na furaha. Lakini Jumatano simu haikulia. Alhamisi vilevile. Kila mteja akigonga meza, moyo wake ulishtuka.

"We Nabalayo," alisema Wacera, mke wa Gerishon, "hiyo simu ni mayai unaatamia?"

Nabalayo alitabasamu, akaenda kuomba Mungu nyuma ya magunia ya sukari. Ameiona nyumba, alijiambia. Ameona mtaro, ameona debe letu.

Kule kiwandani Titus alikuwa akipiga mpira nje, mwenzake Obiero akimpigia kelele, "Mtaalamu, wavu uko huku!" Ijumaa Nabalayo alipiga simu mwenyewe. Bawabu akaipokea, akasema, "Dada, amesema hayupo."

Jumamosi alikwenda ukumbini peke yake. Titus alikuwa akizunguka, anazunguka, macho chini. Nabalayo akaingia katikati ya sakafu na viatu vyake vya kanisa. Msimamizi akapuliza filimbi, hakusikia.

"Nyumba yetu imekushinda. Sema hapa nisikie!"

Titus akasimama. "Nyumba gani? Mama yako amenikimbia! Mama mzima, karuka mtaro kwa kunichukia."

Nabalayo alimkodolea macho, kisha akashika tumbo, anacheka huku analia.

"Titus! Sisi Wabukusu mama hamshiki mkwewe mkono. Hata kutazamana, hapana. Angekukataa, angekukalisha kitini, akupe chai na kukuuliza habari za Tanga. Ameruka mtaro, na magoti yake yale!"

"Kwa hiyo..."

"Umekuwa mkwe tangu Jumanne, na unaninyima simu."

Miguu ilimponyoka, akakaa chini na magurudumu yake. "Nipe mkono."

"Mkono nimpe mtu ambaye hayupo?"

Lakini alimpa.

Jumapili, kabla ya basi, walipita Soweto West kuaga. Mbele yao akatokea mama akitoka kanisani, amejifunga ile leso mpya. Safari hii Titus ndiye aliyewahi: akaruka mtaro wa kushoto, akageukia ukuta. Mama akapisha kulia, akageukia wake. Nabalayo akabaki katikati ya njia peke yake.

"Mwambie anayesafiri," mama aliuambia ukuta, "Mungu amtangulie. Na Pasaka hapa huwa matope. Wazee wake waje na gamubuti."

"Mwambie mama," Titus aliuambia ukuta wake, "nimesikia."