Sifa za Kijana wa Kwenye Kanda

Babu yangu alikuwa hakimu, baba yangu mwalimu mkuu, na katika ukoo wetu hapakuwa na mtu aliyewahi kupokea sifa isiyo yake. Aliyetuaibisha ni mdogo wangu, mpiga gitaa aliyezeekea katika bendi ya roki yenye nyimbo ndefu, za kugeuza mapigo kila mara, ambazo mmoja tu huweza kujaza upande mzima wa santuri.

Katika duka la vifaa vya umeme lililofurika watu, yeye na mwanamke mmoja wa makamo, aliyevaa gauni la buluu lililopigwa pasi barabara, walishika kwa pamoja waya wa gitaa uliobaki mmoja tu.

"Chukua wewe, mzee," alisema mwanamke. "Ukishindwa kuuchomeka, niite."

Kumbe ndiye fundi mitambo wa studio ambamo bendi ilikuwa ikirekodi albamu mpya baada ya ukimya wa miaka mingi. Yeye mjane, mdogo wangu mgane. Haukupita muda simu zikawa haziishi, mwanamke akiitwa Bosi, mdogo wangu Kijana.

Lakini kipande kimoja cha kasi kilimshinda Kijana. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Bosi, kwa kumtania, akapachika mahali pale kipande kilekile alichokipiga Kijana enzi za ujana wake, kutoka kanda ya zamani ya bendi. Bendi iliposikiliza, mwimbaji alimkumbatia Kijana akasema vidole vile havijazeeka hata kidogo. Mdogo wangu aliitambua kanda. Akatabasamu, akashukuru.

Bosi alivua vipokea sauti, akatoka bila kuaga.

Mdogo wangu alimpigia simu mpaka sikio likawaka moto. Hatimaye ikapokelewa.

"Nilidhani utacheka, useme huyo si wewe wa leo," alisema Bosi. "Ukameza sifa za marehemu."

"Marehemu gani?"

"Kijana wa kwenye kanda. Mimi simjui. Niliyempenda ni mzee."

Kesho yake mdogo wangu akamwomba aje studio, kisha mbele yake akawaeleza wenzake ukweli, macho sakafuni. Akakipiga kipande polepole, kwa mikono yake, na wimbo ukarefuka. Alipomaliza akainamia kipaza sauti.

"Bosi, tuoane. Najua nimechelewa."

Sauti ikatoka chumba cha mitambo: "Umechelewa, mpenzi. Ila safari hii hujakosea."

Kipande hicho ndicho kilichobaki kwenye albamu. Nanyi wajukuu, mkipigiwa makofi yasiyo yenu, simameni mseme palepale. Sitaki aibu ile irudi katika nyumba hii.