Choo cha Ghorofa ya Tisa

"Tuko getini. Nimekuja na mama na shangazi. Wanataka kuona unapoishi."

Ujumbe huo wa mpenzi wake ulimkuta fundi bomba amepiga magoti chini ya sinki la watu wasiokuwepo. Aliusoma mara mbili, kisha akaifunika simu kwa kiganja, kama anayemfunika marehemu uso.

Ieleweke, wapendwa wasomaji, kwamba majengo yale meupe ya ufukweni yalijengwa kwa ajili ya matajiri, ila matajiri walisahau kuja. Bwawa la kuogelea lilikuwa kijani, na vyura ndio wakazi waliohamia mapema. Kazi ya fundi wetu ilikuwa kuzunguka nyumba tupu akifungua mabomba na kuvuta maji vyooni, maana choo kisichotumiwa hukauka koo na kupandisha harufu. Jioni aliwasha taa hapa na pale, ili wanunuzi wakipita barabarani wadhani kuna watu. Katika kuzihudumia nyumba zote hizo, alijikuta amemwambia mpenzi wake kwamba mojawapo ni yake.

Mpenzi huyo alikuwa mpima macho. Hilo tuliache lilivyo.

Akampigia.

"Mpenzi, leo nyumba ni vurugu tupu."

"Mama amevaa viatu vya kumbana kwa ajili yako. Tunapanda."

"Lifti ni mbovu."

"Mlinzi anasema ni nzima. Tena anacheka, sijui anacheka nini."

Fundi akapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tisa, kwenye nyumba ya maonyesho, ile wanayopelekwa wateja. Akavua ovaroli, akalisukuma ndani ya jiko la umeme, akafungua mlango akitabasamu kama mwenye mali.

Shangazi aliingia wa kwanza, mikono ikitangulia.

"Hii televisheni mbona nyepesi?"

"Ya kisasa, shangazi."

"Mgongo wake ni boksi."

"Ndiyo usasa wenyewe."

Mama mtu aliingia wa mwisho, viatu mkononi, asije akachafua vigae. Hakugusa kitu. Aliuliza tu kama anaweza kukaa.

"Kaa, mama. Jisikie nyumbani," fundi akasema.

Shangazi akamvuta fundi hadi roshani ili amwonyeshe bahari. Waliporudi, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

"Mama yuko wapi?"

"Msalani," akajibu mpima macho.

Choo kile kilikuwa pambo. Kilibandikwa kwa gundi juu ya vigae. Hakikuwa na bomba la kuingiza maji wala la kutoa chochote. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, ila alikuwa ghorofa ya tisa, na ardhi ilikuwa mbali.

Simu ya mpima macho ikaita. Mama alinong'ona, lakini nyumba tupu haina siri, kuta zikarudia kila neno.

"Mwanangu, nimeharibu choo cha watu. Nabonyeza, nabonyeza, hakivuti. Bomba nalo halitoi hata tone. Usimwambie mwenzio."

"Tulia, mama." Akakata simu, akamgeukia fundi. "Mama anajipodoa kidogo."

"Anajipodoa nini," shangazi akasema. "Wifi yangu huyu nilimwambia abaki nyumbani. Vitu vya watu havijui. Ona sasa anavyotuaibisha ukweni."

Kunyamaza tu kungemwokoa fundi. Angeguna kwa huruma, angesema si kitu, nitaita fundi, na wageni wangeondoka wakiomba radhi. Aibu yote ingeshuka kwenye lifti pamoja na yule mama na viatu vyake mkononi.

Akaenda kwenye mlango wa choo.

"Mama."

"Natoka, mwanangu. Usiingie."

"Mama, hujaharibu kitu. Choo hicho hakijaungwa na bomba lolote. Ni cha kuonyesha wateja."



"Cha kuonyesha?"

"Ndiyo. Na televisheni ni boksi, na yale matunda ya mezani ni plastiki. Nyumba si yangu, mama. Mimi ndiye fundi bomba wa hapa. Nimewadanganya."

Shangazi, ambaye tayari alikuwa na tufaha moja mkobani, alilirudisha kwenye bakuli taratibu.

"Sasa," sauti ikatoka chooni, "haya yaliyomo humu yatakuwaje?"

"Niachie mimi, mama. Ndiyo kazi yangu."

Mama na fundi walipishana mlangoni, kila mmoja akisoma vigae.

"Kila jioni nawaonyesha wenzangu kazini dirisha lako," mpima macho akasema.

"Najua."

"Mama yangu anatetemeka chooni, wewe unaangalia bahari na shangazi."

"Najua."

"Acha kujua."

Wakaondoka. Fundi akachukua ndoo na glovu. Mlinzi alipanda kumtazama, akatikisa kichwa kwa heshima zote.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha."

"Shika ndoo hiyo, au unyamaze."

Fundi alimtumia mpima macho meseji wiki nzima: "Nisamehe." "Naomba nikuone." "Hata unitukane tu." Zilisomwa, hazikujibiwa. Jumamosi simu ikaita, akaipokea.

"Wewe fundi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni fundi kweli, au na wewe ni wa kuonyesha?"

"Wa kweli, mama."

"Bomba langu la jikoni linavuja. Njoo. Na usijidanganye, sijakusamehe. Nataka bomba tu."

Akaenda na ovaroli lake mwilini, mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama. Mama akamwonyesha bomba, kisha akasema anakwenda kujilaza, ingawa hakuwa na usingizi wowote. Mpima macho akaketi kizingitini. Fundi akaanza kulegeza nati kwa spana.

"Kwa nini hukunyamaza siku ile?" mpima macho akauliza. "Tungeamini ni mama aliyeharibu. Ungebaki na nyumba yako."

"Nilisikia sauti yake, ya mtu anayeogopa kugundulika. Naifahamu sauti hiyo. Ndiyo ninayoongea nayo kila nikiwa na wewe."

Mpima macho akainama, akachora sakafu kwa kidole.

"Na mimi najionea aibu. Wenzangu niliwaringia dirisha. Wewe mwenyewe sijawahi kukutaja mbele yao."

Fundi akakaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Unalala wapi?"

"Chumba cha pampu, chini ya jengo. Kina kitanda, na kelele."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Pampu ikinyamaza ndipo naamka."

Mpima macho akafikiri.

"Mtu huchukua muda gani kuzizoea?"

Spana ikamponyoka fundi. Kabla hajaiokota, sauti ya aliyekuwa amejilaza ikatoka dirishani:

"Ndoa kwanza. Kelele baadaye."