Sindano Tano Kati ya Nyusi

Nesi Pamba alikuwa anaosha trei ya mwisho, mkoba wake tayari uko mlangoni, dada yake alipoingia kliniki bila hodi. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja.

"Usiniulize kitu," dada alisema, akijitupa kwenye kiti cha wateja. "Nifanyie kabla sijaghairi."

Miaka sita Nesi Pamba alikuwa akiisubiri siku hiyo. Jina la Pamba alipewa na wateja, kwa wepesi wa mkono wake: sindano inaingia na kutoka, mtu bado amefumba macho anasubiri kuchomwa. Kwa sindano za kuondoa mikunjo alikuwa amelainisha nyuso za nusu ya mtaa. Lakini dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka mitano, alitembea mjini na paji lililokunjamana utadhani kila anayepita amemkanyaga. Mikunjo miwili mirefu katikati ya nyusi, tangu akiwa na miaka tisa, mwaka aliofariki mama yao. Wenzake shuleni wakamwita Ndita na jina likaganda. Hata mumewe alimwita hivyo. Ndita akicheka, mdomo unacheka, paji linagomba.

"Ni mwanao amekusumbua?"

"Harusi yake wiki tatu zijazo, anataka mama wa kupigwa picha. Hapa tu." Ndita akagusa pembeni mwa macho. Kisha akamshika mdogo wake mkono na kuubana mpaka ukauma. "Hapa katikati ya nyusi usiguse. Umesikia?"

"Kwa nini?"

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Kusikia alisikia, hilo tusimsingizie.

Akampiga picha ya kabla, akampaka krimu ya ganzi, akamweleza yale anayomweleza kila mteja. Utahisi kama umeumwa na siafu. Leo hutaona tofauti yoyote. Siku ya tatu dawa inaanza kushika, misuli inalegea pole pole, wiki mbili kazi imekamilika. Usilale kwa saa nne, usijikande usoni.

"Nisipoipenda?"

"Ikishaingia hakuna ya kuitoa. Inakaa miezi mitatu, minne, halafu inaisha yenyewe."

"Fanya."

Sindano tatu kulia, tatu kushoto. Ndita alifumba macho, barafu imefungwa kwenye kitambaa mkononi. Na Nesi Pamba akausimamia ule uso akiutazama. Watu wa kazi ile wana ugonjwa mmoja: hawawezi kuacha kazi nusu. Ukilainisha pembeni ukaacha katikati, uso unakuwa kama nyumba iliyopakwa rangi ukuta mmoja. Tena aliitaka ile picha, kabla na baada ya Ndita, ibandikwe mapokezi, mtaa mzima upange foleni. Na alimpenda. Alitaka amwone dada yake, walau mara moja, bila ule uchungu usoni.

"Bado kidogo, nasawazisha macho," alisema.

Uongo mtupu. Akachoma katikati ya nyusi. Moja. Mbili. Tatu...

Ya tatu ilivutwa.

Si mkono wake ulioisukuma. Kitu ndani ya ngozi kiliikamata ncha ya sindano na kuivuta, kama mtoto anavyovuta titi. Harufu ya nywele zilizoungua ikampiga puani. Akaichomoa. Akatazama. Tone dogo la damu, basi. Nimechoka, alijiambia. Akamalizia ya nne na ya tano.

Siku ya tatu Ndita alipiga simu. Alikuwa ananong'ona.

"Nashindwa kukunja."

"Kukunja nini?"

"Uso! Nimeamka, nashindwa kukunja uso." Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Ulinigusa pale?"

Nesi Pamba alikuwa na mteja kitini na penseli nyeupe mkononi. "Sijakugusa, dada."

"Nisikilize. Sitakugombeza. Kama ulinigusa niambie sasa hivi, nimtoe mume wangu humu ndani."

"Jamani dada, sikukugusa."

Simu ikakatwa. Angesema ndiyo, neno moja tu, na shemeji yake angekuwa na masikio mawili hadi leo.

Siku ya tano, jua linazama, aliyepiga alikuwa shemeji. Ilisikika sahani ikivunjika, kisha nyingine, kisha mtu mzima akilia kama mtoto. Nesi Pamba alinyakua mkoba wake wa kazi akakimbia mitaa minne bila kufunga kliniki.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni vibanio vya nguo vilitapakaa sakafuni, vingine vimeng'ang'ania vipande vya ngozi. Utepe wa gundi, mita na mita, umebanduliwa na nywele za nyusi juu yake. Ndita alikuwa amejibana uso mwenyewe kwa kila alichokipata.

Shemeji alikuwa koridoni, ameketi ameegemea ukuta. Mkono wake wa kulia ulikunjwa upande ambao mkono haukunjwi. Palipokuwa na sikio palikuwa na shimo, na damu ilikuwa imelowesha shati mpaka mkandani.

"Si yeye," alinong'ona. "Shemeji... usiingie. Si yeye."

Akaingia.

Ndita alikuwa amesimama jikoni, mgongo kwa mlango, mikono kwenye sinki. Maji yalikuwa yanatiririka.

"Dada?"

Akageuka.

Uso ulikuwa laini. Si mkunjo, si mstari, miaka ishirini imefutika. Na la kwanza lililomjia Nesi Pamba kichwani, ambalo hatajisamehe maisha yake yote, lilikuwa kwamba kazi imetoka vizuri.

"Mkono mwepesi kweli," kinywa kilisema. Sauti haikuwa ya dada yake. Haikuwa ya mwanamke wala mwanamume. "Miaka thelathini na saba nimebanwa. Asante."

Likamrukia.

Lilimshika nywele na kumgonga uso kwenye ukingo wa kabati. Jino likaruka. Likamgonga tena. Akasikia pua ikivunjika, ladha ya chuma ikamjaa mdomoni. Alijaribu kupiga yowe, vidole vikamwingia kooni. Likamnyanyua kwa shingo, yeye mwenye kilo themanini, likambwaga juu ya sahani zilizovunjika, likamkalia kifuani. Mbavu zikalia. Juu yake ule uso mzuri ulikuwa umetulia tuli, haukasiriki, haufurahi, hauna hata jasho.

Katikati ya nyusi ngozi ikafunguka.

Ilifunguka taratibu kama kope. Ndani giza... na harufu ile ya nywele. Kikatoka kidole. Cheusi, chembamba, hakina ukucha. Kikapapasa hewa, kikashuka kuelekea jicho la Nesi Pamba.

Mikono ile iliijua kazi yake. Akamkamata dada yake nyusi zote mbili, kwa dole gumba na shahada, akazibana pamoja kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Kidole kikajivuta ndani, mwili ukalegea. Macho ya Ndita yakarudi, mekundu, yamejaa machozi.

"Usiachie!"

"Dada..."

"Usiachie, mdogo wangu, nakuomba. Shona!"

"Sina ganzi. Nimeacha ganzi kliniki."

"Shona!"

Kwa mkono mmoja alibana. Kwa mwingine aliukokota mkoba, akararua pakiti ya uzi kwa meno aliyobakiwa nayo. Sindano ya kushonea imepinda kama ndoana. Ikaingia kwenye nyusi ya kulia, ikatokea kushoto, akavuta. Ndita akapiga ukelele uliosikika mtaa wa pili. Uzi wa pili. Wa tatu. Uzi wa nne ulipita kwenye nyama ambayo si ya dada yake. Ilikuwa baridi, na ilipiga teke. Akavuta hivyo hivyo. Wa tano, wa sita, wa saba. Akafunga fundo.

Maji yakaendelea kutiririka kwenye sinki.

"Mama alikuwa nalo," Ndita alisema, kichwa chake kimelazwa kwenye paja la mdogo wake. Damu ilikuwa inamwingia machoni. "Alilibana yeye. Siku ile homa ilimzidi akapotewa na fahamu, uso ukalegea. Likammaliza. Halafu likaenda kitandani kwako."

"Kwangu?"

"Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa umelala." Alivuta pumzi. "Nikakunja uso kama nilivyomwona mama akikunja. Nikaliambia, mwache huyo, njoo huku. Nimelala miaka yote hii nimekunja."

Lilikotoka kabla ya mama, hakujua. Mama hakuwahi kusema. Nesi Pamba alilia kwa sauti, akimpapasa dada yake nywele, akimwomba radhi kwa kila jina alilowahi kumwita tangu utotoni.

Majirani ndio walioita gari la wagonjwa. Na hospitalini, jamani, ungekuwa wewe ungeamini nini? Mume hana sikio. Mke ameshonwa uso kikatili, bila ganzi. Na anayejiita nesi, damu mpaka viwikoni, anapiga kelele nyuzi zisiguswe. Mlinzi mnene akamkalisha kwenye benchi la koridoni na kumshika bega.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole, msafi, anayeipenda kazi yake. Hilo ndilo lililomtisha Nesi Pamba.

"Uso huu utabaki na kovu baya, dada yangu," alisema. "Siwezi kumwacha mama wa watu hivi. Nitafungua, nisafishe, nishone upya. Nitamfanyia vizuri."

"Usimlaze! Daktari, chochote kile, usimlaze!"

"Ameshalala. Tumempa dawa."

Mlango ukafungwa. Trei ikalia. Kisha mkasi.

Kach.

Nesi Pamba alihesabu, hakuweza kujizuia. Mbili... tatu... Akajirusha, mlinzi akamrudisha kwenye benchi. Nne. Tano. Sita.

Saba.

Kitu kizito kikaanguka ndani, kiti labda. Halafu mkasi ukaanza tena, haraka haraka sasa, kach kach kach, na nyuzi zilikuwa saba tu.

Daktari alipiga yowe moja tu. Mlinzi akaachia bega, akatimua mbio, kofia yake ikabaki sakafuni.

Nesi Pamba alisimama. Dada yake alikuwa mle ndani, na safari hii hakukuwa na mwingine wa kuliita. Akausogelea mlango. Alijua la kufanya na alikuwa tayari. Kukunja uso. Kuliambia, mwache huyo, njoo huku.

Akajaribu kukunja.

Kila baada ya miezi minne alijichoma mwenyewe sindano zile zile katikati ya nyusi, mbele ya kioo, kama wenzake wote wa kazi ile, wateja wamwone na kumwamini. Mara ya mwisho ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Akajaribu tena, akikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akajishika paji kwa vidole. Lilikuwa laini, limetulia, halina hata mstari mmoja.

"Njoo huku," alisema kwa sauti ndogo.

Kitasa kikazunguka kutoka ndani.