Jicho la Upepo

Mikono miwili ilishika kitabu kimoja, katikati ya rundo la vitabu vya mitumba kando ya barabara yenye kelele, na hakuna aliyekubali kuachia.

"Kaka, nimeanza mimi," alisema Mshonaji. Alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni.

"Umeanza kuangalia. Kushika nimeanza mimi." Kijana alikuwa fundi vioo, vidole vyake vilijaa makovu membamba na plasta. "Unajua hata kinahusu nini?"

"Asili ya maneno ya Kiingereza. Nasoma masomo ya jioni, mwaka wa pili. Na wewe?"

"Mwaka wa kwanza." Fundi akacheka kwa aibu. "Basi shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Walikinunua kwa kuchanga. Wiki moja kitabu kilikaa kwa Mshonaji, wiki inayofuata kwa fundi, na aliyekuwa nacho alimpigia mwenzake simu kila jioni na neno moja.

"Sindano wangu," fundi alisema siku moja, "neno 'muscle' limetokana na kipanya. Warumi waliona msuli ukijikunja, ikawa kama panya anapita chini ya ngozi."

"Ndiyo maana wako hauonekani. Paka kamla."

"Sikia hili basi. 'Window' limetoka kwa watu wa kaskazini. Waliita jicho la upepo. Zamani dirisha lilikuwa tundu tu, halina kioo."

"Enzi hizo ungekufa njaa, mpenzi."

Walicheka mpaka salio likaisha.

Mwaka haukupita, simu zikapungua. Kisha fundi akaleta kitabu katika wiki yake mwenyewe. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya chumba cha kushonea, chumba chenye giza hata mchana.

"Kaa nacho moja kwa moja. Shule nimeacha."

"Na mimi je, umeniacha?"

Fundi akageuka, akapima dirisha la chumba lililokuwa limepasuka kioo, kwa kuwa alikuwa ameahidi kulitengeneza. Kesho yake akaweka kioo kipya, akaondoka bila kuaga.

"Amepata mwingine," dada mkubwa wa Mshonaji alisema, akikata uzi kwa meno. "Mwanaume akianza kurudisha vitu, mdogo wangu, funga mlango."

Mshonaji alilia wiki nzima. Aliomba huku akikanyaga cherehani: Bwana, nipe ukweli, hata ukiuma. Alikuwa bado anaomba pale upepo ulipovuma nje, ukapeperusha karatasi za vipimo mezani.

Akaenda dirishani. Kioo kilipungua upana wa kidole upande mmoja, na ukingo wake ulikatwa mshazari. Mtu huyuhuyu alikuwa akipima mara tatu kabla ya kukata, na akimcheka yeye kwa nusu sentimita ya pindo! Mshonaji alisimama akikitazama kioo kile. Akaikumbuka miwani ya jua. Akatia kitabu mkobani, akatoka.

Alimkuta karakanani kwake, ukucha wake ukitafuta alama juu ya rula ya chuma. Fundi aliinua uso, akamtazama moja kwa moja.

"Nani?"

"Sindano."

Rula ikaanguka.

"Kioo kilinipasukia usoni, miezi mitatu sasa," alisema. "Jicho moja limekwisha. La pili, daktari anasema halifiki mwakani. Nenda, mpenzi."

"Ukaniacha nidhani una mwanamke!"

"Kwa ajili ya mwanamke ungenichukia, ukapona. Kwa upofu ungenihurumia."

"Nani kakwambia nakuhurumia? Umeniwekea kioo kibovu."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaanza kulia. Mshonaji alimkumbatia, akatoa kitabu mkobani.

"Wiki hii ni yako."

"Sioni herufi, Sindano."

"Nitasoma mimi. Na Jumamosi unakwenda kwa dada, ukanipose. Atakutukana. Vumilia."

"Nitakirekebisha kile kioo kwanza."

"Hutakigusa."

Jioni ile walikaa kando ya dirisha. Upepo uliingia kwenye ule upenyo, na fundi akaugeukia kwa uso wake wote, bila miwani.

"Taa za barabarani bado hawajawasha?"

Mshonaji aliangalia nje. Taa zote zilikuwa zinawaka, na moja ilimmulika fundi machoni.

"Wamewasha," alisema. Akamshika mkono, akafungua kitabu.