Doto Alipewa, Kulwa Akanyimwa

Feni ya Kulwa ilikuwa inazunguka. Kwandu aliisikia akiwa ameinama kuokota bisibisi, akadhani ni mvua inakuja. Kisha akakumbuka kwamba Kulwa yuko sakafuni, ubavu wazi, waya wa umeme umeshachomolewa. Alipogeuka, feni ikatulia.

Kulwa si mtu, ni kompyuta. Kwandu alinunua mbili za kufanana kila kitu kwa ajili ya studio yake ya video pale Bariadi, na Msukuma gani ataona viwili vinavyofanana hivyo akanyamaza? Akaziita Kulwa na Doto, majina ya mapacha. Shangazi yake akamkanya: jina la pacha usikipe kisichokula. Kwandu alicheka. Haya, cheka.

Juzi radi ikampiga Kulwa, akazima kabisa. Ndani ya diski yake ilikuwemo sauti ya marehemu mama, Ng'washi, akiimba peke yake nyimbo za palizi kule Bukundi. Nakala nyingine haipo. Kesho ukoo ungekutana kumaliza msiba, na baba, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: amsikie mkewe.

Fundi Deogratias, Mchaga aliyehamia mjini hapo, hakuona shida. "Dada, mashine ni zilezile. Diski ya Kulwa naiweka kwa Doto, inawaka kama hakuna kilichotokea."

Akachomoa diski ya Doto, bapa kama kipande cha sabuni kilichokwisha, akaiacha mezani. Mahali pake akachomeka ya Kulwa. Doto akawaka. Picha ya mama ikatokea, na mafaili yote yakawa mahali pake. Kwandu akafungua wimbo, machozi yakimlenga.

Mama akaimba ubeti wa kwanza. Halafu mtu akamwitikia, kwa sauti ileile ya mama.

"Ulimrekodi na nani?" Deogratias akanong'ona.

"Alikuwa peke yake."

Hapo feni ya Kulwa ikaanza tena, safari hii kwa kasi, na harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyoungua ikajaa chumbani, na ile taa ndogo ya mbele, isiyo na waya wala umeme wa kuiwasha, ikawaka, ikazima, ikawaka, na kutoka ndani ya boksi lile tupu ikaja sauti ya Ng'washi, ya chinichini, ya mtu aliyeshinda na njaa: "Doto kala. Mimi je?"

Deogratias alirudi nyuma hadi ukutani, rozari mkononi. "Dada, hilo ni jini. Tuichome hiyo diski, tuondoke."

Kwandu aliogopa. Lakini hasira nayo ilimpanda. Chumba chake, kazi yake, mama yake, halafu jini linaingia bila hodi na kuazima sauti ya marehemu?

"Hatuchomi kitu. Baba anangoja."

Akakumbuka mama alivyowalea mapacha wake, wadogo zake Kwandu. Mmoja hakupewa uji mwenzake akitazama. Walipewa wote, palepale. Na yeye leo kamtoa Kulwa cha tumboni akamlisha Doto, huku cha Doto kimekaa mezani bure.

Akaichukua diski ile, akapiga magoti mbele ya Kulwa.

"Usiingize mkono humo," Deogratias alimsihi.

Akauingiza. Ndani kulikuwa na joto, na kitu kikamgusa vidole, kimoja kimoja, taratibu. Hakuutoa mkono. Akaisukuma diski mpaka ikabana.

"Haya, umekula," akasema. "Sasa nisikilize. Hapa pana mwenyewe, na ni mimi. Sauti ya mama yangu usiiguse tena. Ukitaka kukaa, utafanya kazi kama wengine. Hutaki, mlango ule pale."

Feni ikapungua kasi, ikasimama.

Kesho yake, Bukundi, baba aliketi karibu na spika huku akiufuatisha wimbo kwa fimbo yake, machozi yakimtiririka, anatabasamu.

"Mayu," akamwambia binti yake, akimwita mama kwa Kisukuma, "mama yako ni yuleyule. Lakini huyu anayemwitikia ni nani? Mbona simjui?"

Kwandu naye alikuwa anaisikia: sauti nzito, ngeni kabisa, yenye adabu, isiyokosea hata neno.

"Ni mfanyakazi wangu, baba," akasema. "Kaanza jana."