Usimjibu Mungu "Salama"

Skolastika anaishi Kiwangwa. Jua likichomoza, yeye amekwisha kumgeuza mama mkwe wake kitandani, kumwosha na kumvalisha. Bibi huyo alipata kiharusi mwaka jana, na mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Mume wa Skolastika ni mpishi huko Mbegani. Hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Basi uji, maji, mgonjwa na shamba la mananasi, vyote vinamsubiri mtu mmoja.

Jumatano moja alikuta uji umemwagika kitandani kwa bibi. Hakuuliza. Alimzaba kofi Tekla, binti yake wa miaka tisa.

"Mama, si mimi, ni..."

"Kimya! Nenda shule!"

Tekla akaenda na njaa. Tangu siku hiyo aliitika tu, "Ndiyo, mama," au "Hapana, mama." Hadithi alizozoea kumsimulia mama yake ziliisha. Skolastika aliona, na moyo ulimuuma. Lakini kichwa kiligonga, usingizi haukuja, na kesho yake alifoka tena.

"Nitampoteza mtoto huyu humuhumu ndani," aliwaza kwa hofu.

Jumamosi jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwake. Wanajumuiya wanamjua Skolastika: akianza kusali, kaa vizuri. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, mapadre, wanafunzi, hata mvua ya Fukayosi.

"Na nyumba hii, Mama Tekla?" aliuliza Fidelisi, katekista wao.

"Nyumba hii salama, Mwalimu. Tunamshukuru Mungu."

"Mama, hiyo ni salamu ya njiani. Mtu akikuuliza habari, unajibu 'salama' hata kama umevunjika mguu. Ni adabu yetu, sawa. Lakini Mungu naye unamjibu 'salama'?"

Watu wakacheka. Skolastika hakucheka.

"Mwalimu, nikilalamika si nitakuwa sina imani?"

"Yesu alipozidiwa kule bustanini, aliwaambia rafiki zake kwamba ana huzuni. Kisha akamwambia Baba yake waziwazi. Je, yeye hakuwa na imani?"

Skolastika akafumba macho.

"Mungu wangu," alisema, "nimechoka. Nampenda mama huyu, lakini nimechoka. Nimempiga mwanangu bila kumsikiliza. Nisaidie."

Akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Mungu amesikia," alisema Fidelisi. "Na sisi tumesikia, kwa hiyo tusiondoke hivihivi. Mama, sali hivyo kila siku, kwa maneno yako mwenyewe. Kazi tutasaidiana. Na kichwa kisipotulia, nenda zahanati. Sala haikatazi dawa."

Wakagawana siku za kumhudumia bibi. Batuli, jirani Mwislamu aliyekuwa ameleta mikeka ya wageni, akapaza sauti mlangoni.

"Jumatatu ni yangu! Kwani bibi huyu ni wenu peke yenu?"

Siku hiyo Skolastika aliona kifua chake kimekuwa chepesi. Kila asubuhi sasa, kabla ya kushika ndoo, hukaa ukingoni mwa kitanda cha bibi na kumweleza Mungu mambo yote, mazuri na mabaya. Bibi husikiliza na kuitikia "Amina" kwa shida. Zahanati walimpima Skolastika, wakampa dawa ya kichwa na kumwambia apumzike. Siku za wenzake, anapumzika kweli. Usingizi umerudi. Kufoka kumepungua.

Jumapili ya tatu, baada ya misa, alikuwa anamsuka Tekla barazani.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Uji ule alimwaga bibi. Ulinionea."

Mikono ya Skolastika ilisimama. Zamani angesema, "Mtoto hamjibu mama yake hivyo."

"Kweli, mwanangu. Nilikuonea. Nisamehe."

Tekla akaegemeza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akaanza kumsimulia habari za shule, za wiki tatu nzima.