Kioo cha Helikopta ya Akiba

Asubuhi ile Léoncie alipogusa kioo cha helikopta, kilikuwa cha moto kama kikaango, na mashine yenyewe haikuwa imeruka kwa miezi miwili. Kiti cha rubani kilikuwa kimelowa chapachapa, kinanuka matete yaliyoungua.

Kambi ile, pembeni mwa Bujumbura, zamani ilipeleka dawa na barua milimani. Vita vilipopamba moto ikafanywa ya akiba: helikopta moja kuukuu, fundi mmoja, Twalibu, na Léoncie wa usafi. Tangu hapo iliruka mara moja tu. Kapiteni Méthode, rubani aliyetumwa, alimwambia Léoncie apanguse kioo vizuri, akapangusa bila kujua safari, na mwanamume yule akaenda kuchoma matete ya ziwani walimojificha watu. Joëlla, mdogo wake Léoncie, alikuwemo. Léoncie alimchukia kapiteni hata chakula kikawa hakipiti kooni.

Twalibu akafunga hirizi juu ya kiti.

"Ni jini ya mu matete," akanong'ona. "Tulimuchomea nyumba. Dada, usitoe hii kitu. Inatulinda siye wote wenye tuligusa hii mashini ile siku."

Jumatatu amri ikaja: Méthode ataruka tena. Léoncie alipokuwa peke yake kiooni na kitambaa chake, sauti yenye maji ikauliza kutoka kitini, "Nani aliendesha?"

Akamkumbuka Joëlla.

"Ni kapiteni Méthode," akajibu, akaikata hirizi na kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu.

"Kioo iko safi, mama?" kapiteni aliuliza akipanda.

"Iko safi, mon capitaine."

Saa nne, mchana kweupe, helikopta ikatumbukia ziwani bila kupigwa risasi hata moja. Malipo ni hapa hapa duniani, Léoncie akajisemea, na siku hiyo akala akashiba.

Kesho yake jirani akamletea habari kwamba Twalibu amekutwa kitandani, amekufa maji, na shuka zinanuka moshi. Léoncie akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa uchungu, maana fundi yule alimwonya, na alipoinua uso akaona sakafu inalowa kuanzia mlangoni, polepole, hatua kwa hatua, harufu ya matete ikijaa chumba kizima, na unyevu ule ukaja kusimama mbele ya miguu yake.

"Aliyeendesha nimempata," sauti ikasema. "Aliyekaza vyuma nimempata. Na kioo kilichomwonyesha tulipo, nani alikipangusa?"